Karatu hadi Ngorongoro: Mtoto Asiyelia Hutangulia

Basi la alfajiri litokalo Arusha kwenda Karatu hujaa mapema. Siku niliyosafiri nilikuta walimu waliokuwa wakirudi vituoni, vijana wa hoteli za kitalii, wachuuzi wawili wa vitunguu wa Mang'ola, na mama mmoja aliyeshika bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei, akiilinda isikunjwe kuliko alivyoulinda mkoba wake wa fedha. Pale Makuyuni tuliiacha barabara kuu iendayo Dodoma, tukashika mkono wa kulia. Tulipita Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu, kisha gari likaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa Manyara likabaki chini kama sinia la bati, na upepo ukabadilika. Waliokuwa na makoti wakayavaa.

Juu ya ukuta ule nchi huwa nyingine kabisa. Udongo ni mwekundu, mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi yanapanda na kushuka vilima, na lugha unayoisikia kwenye viti vya nyuma ni Kiiraqw. Kabla ya kuingia mjini Karatu barabara hushuka ghafula katika bonde la mto Marera, huko Rhotia. Hapo abiria wote walinyamaza. Hata redio ya dereva ilipunguzwa sauti, sijui na nani.

Ndugu msomaji, huenda unakumbuka. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia katika bonde hilo. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wakielekea Karatu kufanya mtihani wa majaribio. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa majeneza na watu. Hayo yote yaliandikwa sana wakati ule na sitayarudia. Ninalotaka kulitaja ni jambo dogo lililofanyika katika dakika za kwanza, kabla ya kamera na viongozi kufika. Kundi la Wamarekani wa shirika la hisani, baadhi yao wahudumu wa afya, lilikuwa likipita njiani. Waliteremka bondeni, wakaenda kutoka mtoto hadi mtoto wakitafuta jambo moja tu: nani bado ana mapigo ya moyo. Walipatikana watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Walitibiwa, wakapelekwa Hospitali ya Mount Meru, na tarehe 14 Mei wakasafirishwa kwa ndege hadi jimbo la Iowa, Marekani. Mwezi Agosti mwaka uo huo walirudi nyumbani.

Kupita kati ya watoto 35, usisimame kwa aliyefariki hata kama uso wake unakuita, ukamtafuta yule ambaye mkono wako bado waweza kumfaa: hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Wazungu huitaja kazi hii kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kuchambua. Daktari Dominique Larrey, mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, ndiye husifiwa kwa kuifanya iwe desturi vitani: ahudumiwe kwanza aliyeumia zaidi, si mwenye cheo kikubwa zaidi. Lakini neno lenyewe ni la kale kuliko vita vile. Lilitumika kwa sufu, na lilitumika kwa kahawa.

Hili la kahawa nililisikia Karatu kwa namna yake, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumsikia Larrey. Katika kituo kimoja cha afya mjini humo, ambacho sitakitaja kwa kuwa ndivyo tulivyoahidiana, nilimkuta muuguzi wa makamo ambaye kila mtu humwita Sista. Utoto wake ulikuwa Oldeani, kwenye mashamba ya kahawa yaliyofunguliwa na walowezi wa Kijerumani. Mama yake alikuwa kibarua wa kuchambua. "Punje zinamwagwa mezani," aliniambia, "na mkono unakwenda wenyewe. Mama alikuwa anapiga soga huku anatoa punje mbovu, haangalii. Mimi nachambua watoto. Tofauti ni kwamba ile mbovu ndiyo naanza nayo, na siitupi."

Nilimfuata saa moja na nusu asubuhi. Kwenye mabenchi na sakafuni palikuwa na akina mama kama sitini na watoto wao, wengine wamefika tangu saa kumi ya usiku. Sista hakuwa na karatasi wala kifaa cha kusikilizia kifua. Alipita mstari mzima polepole, akimtazama kila mtoto kwa muda usiozidi pumzi chache. Palikuwa na mvulana aliyeungua kidole kwa uji, akilia hadi mishipa ya shingo imesimama. Alimpapasa kichwa, akapita. Palikuwa na pacha waliokohoa; aliwafunua vifua, akatazama, akapita. Mwisho kabisa wa mstari, karibu na mlango wa nje, alikaa binti wa miaka ishirini hivi aliyetoka Mang'ola kwa pikipiki. Mtoto wake alikuwa mgongoni, kimya, shingo imelala upande. Sista aligusa mguu wa mtoto, kisha bega la mama.

"Mama, nifuate."

Manung'uniko yakaanza. Bibi mmoja mwenye mgolole alisema kwa sauti: "Sista, sisi tumelala hapa. Huyu amekuja sasa hivi."

"Kweli, bibi yangu, nawaona," akajibu bila kukasirika. "Wa kwenu wanalia. Huyu ameshindwa kulia."

Bibi yule akanyamaza, kisha akasogeza mzigo wake ili njia ipatikane.

Ndani nilishuhudia yale ambayo kwa macho ya mgeni ni mambo ya kufumba na kufumbua. Kwanza njia ya hewa na kupumua: je, hewa inapita, mtoto anakoroma, kifua kinabonyea ndani kila avutapo pumzi, ulimi na midomo vimekuwa vya buluu? Pili damu: je, mkono ni wa moto au wa baridi? Sista aliubana ukucha wa kidole gumba cha mtoto kwa muda wa kuhesabu tatu, akaachia, akatazama wekundu unarudi kwa kasi gani. Ukichelewa kupita sekunde tatu, na mapigo yakawa ya haraka na dhaifu, huyo hasubiri. Tatu fahamu: anakutazama, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii chochote? Ana degedege sasa hivi? Nne maji ya mwili kwa anayeharisha: macho yameingia ndani, amelegea, na ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole kama kitambaa kilicholowa? Mtoto mwenye moja ya hatari hizi huanza kutibiwa papo hapo, kabla ya kadi, kabla ya kuulizwa jina la baba.

Baada ya hao wanafuata wasioweza kukaa muda mrefu kwenye foleni ingawa hawako ukingoni: mchanga asiyetimiza miezi miwili, mwenye viganja vyeupe kwa kukosa damu, aliyekunywa sumu, aliyeungua vibaya, aliyekonda kwa unyafuzi au kuvimba miguu yote miwili, mwenye maumivu makali, aliyeletwa kwa barua kutoka zahanati ya mbali. Wengine wote, ambao ndio wengi, husubiri zamu yao.

Utaratibu huu haukutoka katika nchi zenye mashine. Ulikomazwa Afrika, hasa Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, ambako Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga upya mapokezi ya watoto. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa mafunzo mwaka 2005 na kuurekebisha mwaka 2016. Sababu yake ni rahisi kuielewa: watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza, na baadhi yao hufia kwenye benchi, wakingoja kuitwa.

Hapo ndipo nilipolazimika kutoka nje kidogo.

Miaka michache iliyopita, katika mji ambao nao sitautaja, mimi na mwenzangu tulimpeleka hospitali mtoto wetu wa kwanza, mwenye miezi tisa. Tulipewa namba 52. Alikuwa na homa na alilia usiku kucha. Mnamo saa tatu asubuhi akanyamaza. Nilifurahi. Nilimwambia mama yake, "Afadhali, amepata usingizi," nikatoka kwenda kununua gazeti. Hakuna aliyepita kwenye foleni ile kututazama. Wauguzi walikuwa wawili na watu walikuwa wengi, na mimi mwenyewe, mtu mwenye stashahada, sikujua kwamba mtoto mwenye kichomi huchoka kulia. Namba yetu iliitwa saa sita. Saa saba mchana hatukuwa na mtoto. Nayaandika haya kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kwa nini mwandishi wa safari za mbuga na maziwa alikwenda Karatu kutazama foleni.

Niliporudi ndani, mtoto wa Mang'ola alikuwa amewekewa oksijeni puani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi: malaria ilikuwa imekula damu. Dawa ya sindano ya artesuneti ilikuwa imeshaingia. Hiyo nayo ilithibitishwa katika ardhi yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwemo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Lakini nilishangaa kuona kwamba chupa ya maji ya mshipa haikufunguliwa kwa kasi, na mikono ya mtoto bado ilikuwa ya baridi. Nikauliza.

"Zamani tungeyamwaga mbio," Sista alisema. "Tulifundishwa hivyo, na mimi nimefanya hivyo. Sasa huyu anangoja damu. Maji mengi ya haraka yatamwua."

Habari hiyo inastahili kuelezwa, kwa kuwa ni miongoni mwa mambo makubwa ambayo Afrika Mashariki imeufundisha ulimwengu wa tiba. Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, na wenzake wa Uganda na wa Hospitali ya Teule, Muheza, walitaka kupima kama desturi ya kumwagia maji ya haraka mishipani mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri inaokoa kweli. Watoto wenye upungufu wa maji kwa kuharisha hawakuingizwa, kwa kuwa hao maji ndiyo dawa yao. Utafiti ulisimamishwa mapema, Januari 2011, ukiwa na watoto 3,141. Miongoni mwa waliomwagiwa maji, zaidi ya kumi katika kila mia walikufa ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiomwagiwa, saba na kidogo. Vitabu vya Ulaya vilikuwa vikifundisha kinyume kwa miaka mingi. Wengine hadi leo wanabishana kuhusu sababu. Karatu hawabishani, wanatafuta damu.

Ilipatikana baada ya saa moja na nusu, kutoka kwa mwendesha pikipiki yule yule aliyewaleta. Alikuwa bado nje akingoja nauli yake. Alipopimwa na damu yake kuafiki, alikunja mkono wa shati, akauliza kama atapewa soda. Akapewa mbili.

Kesho yake nilipanda gari la huduma ya mkoba kwenda Ngorongoro. Safari yenyewe si ndefu. Lami iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 inaishia lango la Lodoare, kisha msitu unakumeza na barabara ya udongo inapanda katika ukungu hadi ukingoni mwa kreta, mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari. Watalii walikuwa wamejipanga kwenye kituo cha kutazamia, wakingoja pazia la mawingu lifunguliwe waone shimo lile la kilomita za mraba 260. Halikufunguliwa. Sisi tuliendelea. Njiani mavi ya tembo yalikuwa yametapakaa, bado yanatoa mvuke, nikakumbuka kwamba huko Pwani wapo wazee ambao huyachoma na kumfukiza mtoto mwenye degedege, wakiamini ametwaliwa na ndege wa usiku. Wakati moshi unapanda, malaria inapanda ubongoni. Sista alicheka nilipomweleza, kisha akasema kwamba kila mahali pana mavi ya tembo yake.

Hifadhi hii iliundwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa porini waishi pamoja. Mjadala wa nani abaki ndani na nani ahamie Msomera, Handeni, ambao tangu mwaka 2022 umejaza magazeti, ni mkubwa kuliko ukurasa huu wa familia. Lakini mtoto anayeugua usiku bomani haulizi mjadala umefikia wapi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa huku walitegemea hospitali iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki huko Endulen, na tangu mwaka 1983 ndege ndogo za Padri Pat Patten wa Arusha zilikuwa zikitua kwenye nyanda hizi kuwachukua waliozidiwa. Asiyepata ndege wala gari alitembea, na mama anayetembea na mtoto mgonjwa katika nchi ya simba na nyati hatembei usiku. Anangoja kuche. Hiyo ndiyo foleni ya Ngorongoro, haina benchi.

Kliniki iliwekwa chini ya mgunga, upande wa Malanja. Mizani ilitundikwa kwenye tawi. Mbao ilikuwa meza, na sanduku la chanjo liliwekwa kivulini. Akina mama walikuja kwa makundi, shanga zikilia shingoni, nasi tukawasalimu, "Takwenya," wakaitikia, "Iko." Wale watoto wakubwa kidogo walikuja mmoja mmoja, wakainamisha vichwa kama adabu ya Kimaasai inavyotaka, ili mtu mzima aweke kiganja chake utosini. Niliviweka viganja vyangu juu ya vichwa vingi siku hiyo. Baada ya kitambo niligundua kwamba Sista alikuwa akifanya hivyo hivyo, lakini kila kiganja chake kilikuwa kipimo: homa, macho, pumzi, hatua za mtoto akija na akiondoka. Alikuwa anachambua tangu salamu.

Kwa taifa zima hesabu imekuwa njema. Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 43. Chanjo, vyandarua na maji ya chumvi na sukari vimefanya kazi kubwa. Hao 43 waliobaki ndio wagumu, na wengi wao hawafi kwa maradhi yasiyojulikana. Dalili ambazo kila mzazi anaweza kuziona ni chache na hazihitaji shule: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida. Kwa mwenye degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, kisha safari ianze. Nyumba za hapa ni za giza na moshi, kwa hiyo pumzi inasikika kabla haijaonekana. Sista huwafundisha akina mama kumtoa mtoto nje kwenye mwanga, wamfunue kifua na kukitazama.

Saa tisa alasiri tulikuwa tunafunga. Mama mmoja alikuwa amekaa mbali na wengine, kanga imefunika kila kitu. Hakuja kupima uzito. Dereva wetu, kijana wa Kimaasai wa Nainokanoka, alimwuliza kwa Kimaa, kisha akatuambia, "Anasema mtoto amelala, anangoja aamke."

Sista alikwisha simama kabla sentensi haijaisha. Nami nilisimama.

Alikuwa mvulana wa miezi saba. Kifua kilikuwa kinabonyea. Sista alishika saa yake, akahesabu dakika nzima kwa midomo bila sauti: pumzi 68, wakati kwa umri huo 50 tayari ni hatari. Kifaa kidogo kikabanwa kwenye kidole cha mguu, kikasoma 81. Sindano ya kwanza ya dawa ikachomwa pale pale. Tulishusha sanduku la chanjo, tukalikabidhi kwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama akaingia kiti cha kati akiwa amempakata mtoto wima, mtungi mdogo wa oksijeni ukiwa kati ya miguu yangu. Kazi yangu ilikuwa kuushika usianguke.

"Tukishuka tu, hewa itakuwa nzito kidogo," Sista alisema. "Karatu iko chini sana kuliko hapa. Kushuka nako ni dawa."

Dereva aliwasha taa. Ukungu ulikuwa umeifunga barabara yote ya ukingoni, na magari ya watalii yalikuwa yakirudi kwa msururu kuwahi lango kabla ya saa kumi na mbili. Alipiga honi mara moja, wakasogea. Mama hakusema neno. Alikuwa akitazama kidole cha mguu cha mwanawe chenye kile kifaa chenye taa nyekundu. Pale msitu unapoanza kuteremka kuelekea Lodoare, Sista aliinama, akakisoma tena.

"Themanini na sita," akasema. Dereva akaitafsiri.

Mtoto akaanza kulia.